Mkeka Ndani ya Mtoto wa Praha

Mama mwenzangu, kama una mtoto wa kiume na ameanza kuwajua farasi kwa majina kuliko anavyowajua binamu zake, kaa chini unisikilize. Sikuandikii ili ucheke, ingawa kijiji kizima hapa Kilcarra, Ireland, kinacheka mpaka leo. Nakuandikia ili ushtuke mapema.

Marehemu mume wangu, Colman, hakuwa mlevi wala mkali. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulimshika mara moja kwa mwaka, katikati ya Machi, zinapokuja zile siku nne za mbio za kuruka viunzi kule Cheltenham, ng'ambo ya bahari. Mwaka tuliooana aliweka pesa kidogo juu ya farasi ambaye hata mwenyewe aliyemfuga hakumtegemea. Akashinda. Tukanunua jiko la chuma, lile ambalo mpaka leo napikia. Nilifurahi nikalipiga busu, lingali baridi, na hilo busu nimelijutia.

Maana baada ya hapo Colman alikuwa kama mtu anayedai haki yake. Miaka ishirini na minane. Kila Machi: "Safari hii tu, Attracta." Kila Aprili: "Mwaka ujao tutawapata." Tutawapata nani, sikuwahi kuambiwa. Shamba letu la mtoni, lenye majani mazuri kuliko yote tuliyokuwa nayo, likaenda kwa jirani yetu Enda Hession. Ubaya ni kwamba dirisha langu la jikoni linatazama shamba hilohilo. Miaka yote nimeosha vyombo huku nikiwaangalia ng'ombe wa Hession wakinenepa.

Mwanangu Fintan nilimficha mambo mengi. Jiko nilimwambia ni zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi. Sikutaka ajue kwamba ndani ya nyumba hii kuna kitu kizuri kilichowahi kutoka kwenye kamari. Hapo nilikosea, lakini ngoja, nitafika.

Fintan ana miaka thelathini na mmoja, ana ng'ombe arobaini wa maziwa, mke bado. Mwaka juzi nikaanza kumwona na gazeti limekunjwa kwenye ule ukurasa wa farasi. Nikambana. Ilipofika Jumatano ya Majivu, akiwa na majivu mabichi kwenye paji la uso, akaniahidi kwamba Kwaresima yote hataweka hata senti juu ya farasi. Nilifurahi mno. Nikamwambia Padri Ultan, nikamwambia jirani yangu Concepta, nikamwambia hata daktari wa mifugo aliyekuja kutazama ndama anayeharisha. Nilijua wiki ya Cheltenham iko ndani ya Kwaresima, kwa hiyo safari hii tumepona.

Jumanne ya mbio ikafika. Nikamweka Fintan machoni kama paka anayelinda shimo la panya. Hakwenda kijijini wala hakushika simu isipokuwa kutazama saa. Ila niliona jambo. Kila akipita jikoni anasimama mbele ya rafu, anamgusa kichwani Mtoto wa Praha.

Sanamu yetu ya Mtoto Yesu wa Praha ilikuwa ya mama yangu. Joho jekundu, taji, kichwa kimevunjika na kugandishwa kwa gundi. Tena kilivunjika chenyewe, hakukivunja mtu, na ndiyo maana ina nguvu kuliko sanamu zote za parokia. Ukiwa na harusi au shughuli yoyote ya nje, unamtoa jioni ya kuamkia siku hiyo, unamweka chini ya miti ya ua, na mvua haigusi shughuli yako. Watu wametoka vijiji vitatu kuja kumwazima.

Jumanne jioni Fintan aliingia kutoka zizini anapiga mluzi. Jumatano aliingia akala viazi sahani mbili, akapiga ishara ya msalaba mbele ya rafu, akacheka peke yake.

Nikamwita Concepta pembeni. "Mwanangu ameingiwa na ibada."

"Atakuwa padri huyo," Concepta akasema.

"Padri wa miaka thelathini na mmoja? Na ng'ombe nani atawakamua?"

"Wewe si una mikono? Mungu hakuchukui mtoto bila kukuachia kazi."

Tukacheka, lakini usiku ule nilikaa nikiwaza jinsi ya kukamua ng'ombe arobaini na goti langu hili.

Alhamisi, baada ya saa kumi alasiri, nilimwona kupitia dirishani akicheza dansi na koleo katikati ya uwanja. Mbwa amekaa anamtazama kama mimi nilivyomtazama. Sikuelewa. Nilikuwa na kazi yangu: kesho yake ilikuwa Ijumaa, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na gwaride la kijiji lilikuwa chini ya kamati yetu, matrekta saba na watoto wa shule. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Jioni nikamshusha Mtoto kwenye rafu nimpeleke uani. Nikasikia kitu kinachakarika tumboni mwake.

Chini yake pana tundu. Nikatia vidole, nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi ya duka la kubeti la Malachy Tuohy. Ilikuwa mkeka, farasi wanne, mmoja kila siku, na ukishinda wa kwanza pesa yote inahamia kwa wa pili, hivyohivyo mpaka wa mwisho. Mmoja akikwama mkeka wote umechanika. Mkwe wa Askofu. Chai ya Pili. Jumatatu Njema. Kiraka. Majina matatu ya kwanza yalikuwa yamewekewa alama ya kalamu ya risasi pembeni.

"Fintan," nikaita. "Njoo hapa."

Akaja anajipangusa mikono kwenye suruali. Aliponiona na Mtoto kwapani na karatasi mkononi, alinywea kama aliyemwagiwa maji.

"Uliniahidi na majivu usoni," nikasema.

"Nilikuahidi Jumatano, Mama. Soma tarehe."

Nikasoma. Ilikuwa Jumanne, siku moja kabla ya Kwaresima, siku ya kula chapati za maji.

"Yaani mimi nimesimama jikoni nakugeuzia chapati, wewe unaweka mkeka?"

"Nilikwenda baada ya chapati ya tatu. Wewe ulidhani nimeenda kumwona ndama."

"Kwa hiyo nadhiri yako ni ya kitapeli."

"Si ya kitapeli. Nimeacha kuweka, na sijaweka. Kutazama sikusema nitaacha."

"Na kumtia Mtoto Yesu kamari tumboni, hilo nalo ulilifikiria?"

"Nilijua humgusi mpaka kuwe na sherehe."

"Kesho si kuna gwaride?"

Akajikuna kisogo. "Hilo nililisahau."

Nikampigia simu Padri Ultan, nipate mtu wa kunisaidia kumgombeza. Padri akasema kwamba nadhiri huanza siku inapoanza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyo wa nne ni nani?" Nikakata simu.

Fintan akaniketisha. Akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Aliweka yuro ishirini tu. Watatu wameshashinda. Kesho, Kiraka akishinda Kombe la Dhahabu, mbio kubwa kuliko zote, mkeka unalipa zaidi ya elfu thelathini.

"Za nini?" nikauliza. "Unakosa nini hapa? Hunywi, huna mke."

Akaelekeza kidole dirishani. "Hession anauza. Elfu thelathini. Hajaandika popote, ameniambia mimi kwanza. Shamba la mtoni, Mama. Utaosha vyombo ukiwaangalia ng'ombe wako."

Sikiliza, mama mwenzangu. Hapo moyo wangu ulisaliti kila nilichowahi kusema. Nililiona lile shamba, maji ya mto yanang'aa nyuma yake, nikalitaka mpaka meno yakaniuma. Halafu Fintan akanishika mkono, akasema, "Safari hii tu."

Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu, na uso ulikuwa wa marehemu, mdomo umeinuka upande mmoja. Nikauvuta mkono wangu.

"Karatasi itakaa kwangu mpaka kesho," nikasema.

"Itakaa salama kuliko kwangu," akajibu, akaondoka zake anapiga mluzi. Nikamtoa Mtoto uani, tumbo tupu, nikamwambia aangalie hali ya hewa, mengine aniachie.

Ijumaa ilipambazuka kavu. Matrekta saba yalipita, hakuna aliyelowa, ila mtoto mmoja wa Concepta aliyetumbukia mferejini kwa hiari yake. Lakini gwaride hakulitazama mtu. Mdomo wa Fintan au mdomo wa Padri, sijui upi, ulikuwa umeshavuja. Kila niliyepishana naye ananigusa bega.

"Attracta, karatasi iko wapi?"

"Iko karibu na moyo wangu, na hapo hupafiki."

"Ukijikuna, jikune polepole, usije ukachana elfu thelathini."

Saa tisa kasoro kijiji chote kilikuwa ndani ya duka la Malachy, wengine na bia zao nyeusi mkononi, walizovuka nazo barabara kutoka baa. Mimi sikuwahi kukanyaga duka lile. Miaka ishirini na minane nilisimama nje kwenye mvua nikimsubiri Colman. Siku hiyo niliingia na kiti nikapewa.

Malachy huvaa kofia mwaka mzima, hata kanisani anaivulia mlangoni. Siku hiyo alikuwa ameishika mkononi. Akainama mbele yangu.

"Attracta, mimi na wewe tulipokea Komunyo ya Kwanza siku moja."

"Nakumbuka. Ulilia."

"Leo nitalia tena. Kiraka akishinda, nauza duka."

"Ungeliuza mapema, mume wangu angekufa na mashamba yote."

Watu wakacheka, hata yeye. Kisha akasema alilojia. Angeununua ule mkeka kabla ya mbio. Elfu kumi na tano, sasa hivi, hundi iko mezani. Kiraka akishinda au akianguka kiunzi cha kwanza, ni shauri lake Malachy.

"Hatuuzi," Fintan akasema kabla sijafungua mdomo. "Farasi mwenyewe ndiye anayetegemewa na Ireland nzima. Malachy, weka hundi yako mfukoni."

"Sikuongea na wewe, kijana," Malachy akasema. Akageuza macho kwenye ukuta.

Ukutani kuna ubao aliouandika marehemu baba yake: ANAYELIPWA NI MWENYE KARATASI MKONONI. Tunaujua wote. Mzee aliuandika baada ya ndugu wawili kupigana mle ndani. Fintan akausoma, kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza siku zote nne kicheko kikafutika usoni mwake.

"Mama. Huo mkeka ni wangu."

"Najua ni wako."

"Basi mwambie hapana."

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi. Kwenye televisheni farasi wanazungushwa, wanapumua moshi. Kiraka ni mweusi, ana baka jeupe limezunguka jicho moja kama mtu aliyepigwa ngumi ya chokaa. Mzuri, sisemi uongo.

"Nitakuuliza neno moja," nikamwambia mwanangu. "Uniambie la kwanza litakalokujia. Kiraka akishindwa leo, itakuwaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Aah, haidhuru. Mwaka ujao tutawapata."

Nikasimama. Nikaitoa karatasi kifuani, ina joto, nikailaza juu ya meza ya Malachy, nikaichukua hundi. Duka lote likapiga kelele kama zizi lililoingiliwa na mbwa.

"Attracta, umelewa?" Concepta akauliza.

"Nimekunywa chai tu."

"Basi hiyo chai ina nini?"

Fintan hakupiga kelele. Alisema polepole, "Usingenifanyia hivi," akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu. Mgongo ule uliniumiza kuliko maneno.

Farasi wakaondoka. Siwezi kukueleza mbio nzima, nilitazama kupitia vidole. Sikumwombea Kiraka aanguke, farasi hana kosa, na aliyempanda ana mama. Niliomba tu awe wa pili. Wa pili si aibu. Nilimwomba Mtakatifu Patrick kwa kuwa siku ilikuwa yake, na nadhani Mtakatifu Patrick mwenyewe alikuwa na mkeka wake, maana vilipobaki viunzi viwili Kiraka akawaacha wenzake kama wamefungwa kamba. Akaruka cha mwisho bila kukigusa. Alipopita mstari, wa pili alikuwa nyuma urefu wa farasi wanane.

Malachy akaubusu ule mkeka, akavaa kofia yake.

Ndipo wakaanza.

"Attracta, ukiuza nyumba niambie, nitakupa nusu bei."

"Muulizeni kama na Pasaka anauza, tuile mapema."

"Mtoto wa Praha mwenyewe amejificha uani kwa aibu."

Nilipogeuka, mlango ulikuwa mtupu. Fintan ameondoka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, hundi mfukoni ikiwa nzito kama jiwe. Njiani nilijiambia: umemnusuru. Hatua kumi mbele nikajiambia: umempora. Hivyo mpaka langoni. Nikamkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anatazama moto wa jiko.

"Baba angekuwa ameshinda leo," akasema bila kunitazama.

Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza miaka yake yote. "Baba yako alishinda, mwanangu. Ndilo hilo unalolitazama."

"Jiko?"

"Mwaka tuliooana. Farasi mmoja."

"Si ulisema shangazi?"

"Hakuna shangazi. Shangazi alitupa mablanketi."

Akalitazama upya, milango yake, bomba lake. Alikuwa ameota moto wake tangu akiwa mchanga. "Liligharimu kiasi gani?" akauliza.

Niligeuza macho dirishani, na yeye akageuka, tukatazama pamoja ng'ombe wa Hession wakinywa maji mtoni. Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe wetu wakaanza kulia zizini, viwele vimejaa. Akainuka akaenda kukamua. Mlangoni akasema, "Lakini urefu wa farasi wanane, Mama."

"Najua."

"Wanane."

"Nimeshahesabu, Fintan, nenda."

Kwa siku tatu alisema nami maneno ya lazima tu: chumvi, lango, ndama. Siku ya nne alichukua ile hundi akaenda kwa Hession. Hession naye alikuwepo dukani siku ile na alikuwa hajamaliza kucheka, na mtu anayecheka ni mwepesi kukubali. Elfu kumi na tano kwa nusu ya shamba, kuanzia ule mti wa miiba kushuka mpaka majini. Nusu ya chini, ndiyo nzuri. Fintan alisimika nguzo mwenyewe, akafunga waya katikati, na ule ua akauita Kiraka. Kijiji chote kinauita hivyo sasa. Ukiuliza njia utaambiwa, pita Kiraka, kata kushoto.

Basi naosha vyombo nikiwaangalia ng'ombe wangu. Na naangalia ule waya pia, kila siku, asubuhi na jioni, na watu hawaniachi niusahau. Sikwambii kwamba nilifanya sawasawa. Nakwambia tu kwamba nilimsikia mtoto wangu akisema neno la baba yake, na nikalikata lisimalizike. Ukilisikia kwako usingoje farasi wafike. Na mwambie mtoto jiko lilitoka wapi, hata kama ni aibu. Mimi ingenifaa zaidi kusema mapema kuliko kunyang'anya baadaye.

Fintan hajaweka tena. Hivyo ndivyo anavyosema. Mimi ni mama, sisadiki kwa sikio peke yake, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai namwinua Mtoto wa Praha namtia vidole tumboni. Mtupu. Mwaka mzima mtupu.

Mpaka Jumanne ya chapati iliyopita. Niliinua, nikasikia kinachakarika. Nikakaa kwenye kigoda na Mtoto mapajani, chapati inaungua nyuma yangu. Nikaitoa karatasi. Imekunjwa mara nne, vilevile. Nikaikunjua.

Ulikuwa mwandiko wa Fintan. "Mama, ukimaliza kupekua, vaa buti. Ng'ombe watatu wameruka Kiraka, wako kwa Hession, na peke yangu siwawezi."

Nikaondoa chapati motoni, nikavaa buti.